Msizime apdeti, zipangieni usiku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyetuhimiza tuzime apdeti zote za kompyuta kwa sababu zinakula bando bure. Mimi ni mama mwenye steshenari hapa Msamvu, Morogoro, nina kompyuta mbili na printa moja inayotoa na fotokopi. Ushauri wake niliufuata mwaka mzima kabla hajautoa.

Ilikuwa siku ya mwisho ya maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Saa mbili asubuhi foleni imeshafika kwa mama ntilie jirani yangu. Vijana wana fomu mkononi, mihuri ya serikali ya mtaa na ya wakili imeshagongwa, bado kuskani na kutuma tu. Nawasha kompyuta, inaniambia iko kwenye apdeti, nisiizime, asilimia 27. Ikaganda kwenye 27 hiyo dakika arobaini. Nyingine nilikuwa nimeipeleka kwa fundi. Binti mmoja aliyetoka Mvomero kwa bodaboda akauliza, "Samahani mama, hiyo asilimia inahesabu nini?" Nikakosa jibu. Fomu yake iliingia saa sita kasoro dakika kumi usiku, na bando la wiki nililoweka jana yake lilikuwa limekwisha.

Kesho yake nikamwambia fundi azime apdeti kwenye zote mbili. Raha mustarehe, mpaka mteja mmoja alipochomeka flashi yake na mafaili yangu yakaanza kugoma kufunguka moja baada ya jingine. Utafiti wa mwanafunzi, kurasa 80, niliuchapa upya siku tatu bila kulipwa. Fundi yuleyule akaniambia, bila hata aibu, kwamba flashi ile ilikuwa na kirusi kilichopenya kwenye tundu la programu, na kwamba kiraka, yaani apdeti ya usalama ya kuziba tundu lile, kilikuwa kimetoka miezi mingi nyuma.

Tena si Msamvu tu. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha hadi upasuaji. Microsoft, watengenezaji wa Windows, walikuwa wametoa kiraka tangu Machi. Waliolizwa wengi ni wale ambao hawakukiweka.

Namkubalia msomaji mwenzangu jambo moja: apdeti nazo hukosea. Julai 19, 2024, apdeti mbovu ya kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike iliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 na ndege zikakwama viwanjani. Ndiyo maana siku hizi naanza na kompyuta moja, naiangalia siku tatu nne, ikiwa salama naigeukia ya pili. Kwenye mipangilio ya Windows nimeieleza mashine kuwa intaneti yangu ni ya kupimwa ("metered"), yaani ya bando, isishushe mizigo hovyo, na nimeiwekea saa za kazi isijizime wateja wakiwapo. Jumamosi usiku nanunua bando la usiku, nafungulia, naenda kulala.

Kinachonikera ni kuletewa kila kitu kwenye gunia moja. Kiraka cha usalama mara nyingi ni kitu kidogo, lakini unaletewa pamoja na vitufe vilivyohamishwa mahali na madoido ambayo hakuna mteja wangu aliyewahi kuyaulizia. Watengenezaji watenganishe: kiraka kije peke yake, madoido nichague mwenyewe nikiwa na nafasi.

Na kampuni zetu za simu, ambazo zinajua kutuuzia vifurushi vya bei nafuu vya WhatsApp na mitandao mingine, zishindwe nini kutuuzia kifurushi cha viraka? Hata kiwe cha usiku tu, cha mara moja kwa mwezi. Mimi nitakinunua, na wenye steshenari wenzangu wanne wa mtaa huu wameniambia watakinunua.

Mwenye steshenari,
Msamvu, Morogoro