Mdogo wangu, Mombasa yako haina watu

Mdogo wangu,

Hadithi yako nimeisoma mara mbili. Unaandika vizuri, Mungu akuzidishie. Tangu utotoni ukitutungia visa vya majini wa Mtongwe, taa zikiwa zimezimika, hakuna aliyethubutu kwenda chooni peke yake. Kipaji hicho sina wivu nacho.

Lakini umeandika mwaka 2140. Bahari imepanda, mjukuu wa mjukuu wa walioondoka anarudi na wenzake kutoka Toronto na Bristol, chombo chao kinatua juu ya Fort Jesus, na mji mzima mtupu. Hakuna hata mtu mmoja wa kuwaambia karibu. Wanagawana vichochoro vya mtaa wetu wa kale, Kibokoni, na kuvipa majina mapya, nawe unataka tufurahi kuwa mtu mweusi hatimaye amerudi kwao.

Ile alasiri uliyoisoma barazani sijaisahau. Mama alikuwa na ungo mapajani anachagua mchele, wewe unasoma Kiingereza na kumfasiria kipande kipande. Akaacha mchele. Akakuuliza, "Na sisi je, tuko wapi hapo?" Ukacheka. Ukamwambia, "Mama, hii ni ya sisi tulioondoka." Akasema, "Haya, mwanangu," akaendelea kutoa mawe. Wewe uligeuza ukurasa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai, nikamwona uso wake, na uso ule ndio ninaokuandikia.

Nilipokulalamikia ulinijibu kwa W.E.B. Du Bois, yule mwandishi mweusi wa Marekani, kwamba mwaka 1920 katika hadithi yake naye aliitoa roho New York nzima kwa nyota ya mkia, akabakisha mwanamume mweusi na mwanamke wa Kizungu. Nimekitafuta kisa hicho nikakisoma. Hukufika mwisho? Watu wanatokea kutoka nje ya mji, na kati yao yuko mkewe yule mwanamume, mwanamke mweusi aliyechoka, amebeba maiti ya mtoto wao. Anamwita mumewe kwa jina. Du Bois hakuthubutu kumwacha arudi kwenye ulimwengu usio na watu wake. Na hapa kwetu Pwani, mwandishi Katama Mkangi mwaka 1995 katika riwaya yake alimrusha mtu hadi sayari nyingine, na huko nako akakuta watu wanaishi na wana mambo yao.

Isitoshe, kurudi kutoka ng'ambo si jambo la kubuni hapa Mombasa. Kengeleni umepita mara ngapi ukienda Nyali? Wale waliokaa hapo zamani walikuwa watoto waliotekwa utumwani, manuwari za Waingereza zikawakomboa baharini, wakapelekwa Bombay na Nashik, wakasoma na kufundishwa kazi za mikono. Wengine wakaletwa tena upande huu, na mwaka 1875 kijiji chao cha misheni, Frere Town, kikaanzishwa hapo. Walirudi na majina ya Kikristo, na lugha ya Kihindi vinywani. Walikuta kisiwa kitupu? Walikuta wenye mji, wenye mashamba na wenye watumwa, na watumwa walipoanza kutorokea misheni, mabwana zao wakapandwa na hasira hadi wakatishia kuivamia. Ile kengele iliyopapa mahali jina la Kengeleni ilikuwa ya kuwaonya watu hatari inapokuja. Nani ampe nani mahali, nani amwamini nani: hadithi iko hapo, na wewe umeiruka kwa kuwaua wenyeji kabla ya ukurasa wa kwanza.

Kabla ya kuandika kesho ya watu, waulize wenyewe. Mimi niliuliza. Mama alipougua nawe uko ng'ambo, nilimuuliza nikwambie au nisikwambie, naye akasema usiambiwe, karatasi zako hazijatoka, ukitoka huko hutaruhusiwa kurudi. Nilifuata neno lake. Ulisema mbele ya jamaa wote kwamba nilikunyima mama yako. Sikukunyima. Nilimgeuza kitandani usiku, nililala kwenye benchi la hospitali, na chumba cha juu nilikipangisha kwa ajili ya dawa, si kwa tamaa kama ulivyoambiwa. Hata hivyo siku ya mazishi nilikuwekea simu karibu na jeneza usikie dua, kwa sababu nilijua unalia peke yako kwenye baridi huko. Nilikulilia na wewe pia.

(Wasomaji wengine mnisamehe, haya ni ya nyumbani.)

Hadithi usiitupe. Iandike upya kuanzia pale wanapotua. Katika nyumba moja tu ya Kibokoni, ghorofa ya juu ambako maji hayajafika, weka mwanamke. Simtaki awe Mama. Wageni wako wapige hodi, awaulize ni wana wa nani, wametoka wapi, na walikuwa wapi maji yalipokuwa yakipanda. Akikataa kuwafungulia, usimlazimishe. Waache wakae ngazini wafikirie jibu.

Dadako