Barua kwa mhariri: Sio kila urea iliyopakwa kitu ni ya polepole

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya kujitengenezea mbolea ya nitrojeni inayoachia polepole, mlikotaja kuipaka urea udongo wa mfinyanzi, nta au mafuta ya mwarobaini na hata kuiunganisha na fomaldehaidi, na lengo lake sina ugomvi nalo kabisa, ila kuna jambo naomba nafasi nilisemee maana naona watu wataharibu urea yao bure. Kuipaka punje ya urea udongo wa mfinyanzi na gundi hakuifanyi iwe ya polepole, inakuwa urea chafu tu basi.

Angalieni kwanza nitrojeni inapoteaje. Urea ina nitrojeni asilimia 46, ni nyingi hiyo, lakini ikishaingia kwenye udongo kuna kimeng'enya kinaitwa yureasi ambacho kiko karibu kila mahali na kinaivunja kuwa amonia, na udongo ukiwa wa joto na una unyevunyevu siku chache tu kazi imeisha. Kama ulimwaga juujuu bila kufukia, amonia nyingine inapaa zake hewani. Inayobaki bakteria wanaigeuza kuwa naitreti, yaani nitrojeni ya umbo jingine, sasa naitreti haishikiki na udongo hata kidogo, ikipiga mvua ya maana inateremka na maji mpaka chini ya mizizi. Na shamba likituama maji wapo bakteria wengine wanaigeuza gesi, mojawapo nitrasi oksaidi, ambayo ukihesabu kwa miaka 100 inapasha dunia joto zaidi ya mara 260 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule.

Kwa hiyo matundu ya kupotezea nitrojeni ni mengi, na kila njia ya polepole inaziba moja au mawili. Nyinyi mmezitia zote kapu moja.

Njia ya kuipaka punje ganda kwa mfano. Kule Marekani shirika la Tennessee Valley Authority ndo lilihangaika nayo miaka ya 1960, wanapasha punje, wanazizungusha kwenye pipa huku wanazipulizia salfa iliyoyeyushwa, halafu nta juu yake ya kuziba nyufa, halafu unga ili zisigandane. Nitrojeni inashuka mpaka kati ya asilimia 30 na 40 hivi kwa sababu ganda nalo lina uzito wake. Na pamoja na mitambo yote hiyo bado punje zingine zinatoka na ufa, na punje yenye ufa haina cha polepole, maji yakishaingia inamwaga yote. Sasa jiulizeni udongo wa mfinyanzi uliopakwa kwa mkono una vitundu vingapi! Lita moja ya maji ya kawaida inayeyusha kama kilo nzima ya urea, yaani ikipata kinjia tu imeondoka. Atakayebisha atie punje zake kwenye glasi ya maji azisubirie nusu saa, wenye viwanda nao wanapima hivyohivyo, ile ya salfa wanaangalia imeyeyuka kiasi gani majini kwa siku 7.

Halafu kuna lile la kuyeyusha urea kwenye sufuria ili ichanganyike na nta. Jamani. Urea inayeyuka kwenye nyuzijoto 133 na ukiendelea kuipasha inaanza kutoa amonia na kutengeneza bayureti, kitu ambacho kikizidi kinaunguza mimea. Kwa hiyo unavuta amonia puani ili upate mbolea mbovu kuliko uliyoanza nayo. Ile ya kuunganisha urea na fomaldehaidi ndo kabisa, inatengenezwa kweli na ina nitrojeni kama asilimia 38, bakteria wanaitafuna taratibu, lakini hiyo ni ya kiwandani, fomaldehaidi inasababisha kansa, sio ya kuchezea kwenye ndoo.

Mafuta ya mwarobaini hapo mko karibu na ukweli. India tangu 2015 waliagiza urea yote inayotengenezwa nchini mwao ipakwe. Ila hamkusema inafanya nini: haizuii urea kuyeyuka, inawachelewesha wale bakteria wa naitreti. Amonia haiizuii kupaa, tena ikikaa muda mrefu bila kugeuzwa na iko juu ya udongo inaweza kupaa zaidi, kwa hiyo ukipaka mwarobaini ukamwaga juu umeziba tundu la chini ukaacha la juu wazi. Lazima ufukie.

Na kufukia ndo jambo ambalo mngelipa ukurasa mzima maana halihitaji kemia yoyote. Bangladesh kwenye mpunga wanashindilia urea ya kawaida kwa mashine iwe vidonge vya gramu 1 mpaka 3, wanavizamisha kwenye tope sentimita 7 mpaka 10 katikati ya mashina manne, hakuna ganda wala dawa, udongo wenyewe unaishika amonia pale chini. Asiye na vidonge agawe urea yake mara mbili au tatu na kila mara afukie, mmea ukiwa mchanga unakula kidogo, ukianza kurefuka ndo unataka nyingi. Mbolea ya polepole ikichelewa hapo mazao yanakuwa ya njano na nitrojeni inakuja kutoka mmeshavuna, hasara ileile.

Jingine dogo, majivu. Msiwaambie watu wachanganye majivu au chokaa na mbolea ya SA (salfeti ya amonia), vitu hivyo vinafukuza amonia palepale, ile harufu kali wanayoisikia ndo nitrojeni yao inaondoka.

Mkitoa tena somo la kutengeneza, naomba mwandike hiyo njia inaziba tundu gani, na muipime kwanza kwenye glasi ya maji kabla ya kuchapa.

Msomaji wenu