Hamisi, hiyo chupa iweke kabatini kwanza

Tororo, 9 Machi

Mdogo wangu Hamisi,

Salamu kwako na kwa mama watoto. Huku hatujambo, mvua imeanza na mama Zaitun ameshapanda karanga mpaka ukutani mwa choo. Picha uliyonitumia nimeiona. Nimeivuta kwenye simu hadi maandishi ya chupa yakasomeka: magnesiamu oksaidi, miligramu 400, tembe 100. Unauliza kama ndiyo ile inayoniponya mimi moyo, na kama umeze moja au mbili. Swali hilo siwezi kulijibu kwa ujumbe wa mistari miwili, ndiyo maana nimeshika kalamu. Zaitun ataipiga barua picha akutumie.

Habari ya moyo wangu ulisikia nusu, maana nilikuambia tukiwa kwenye kelele za mpakani Malaba. Ilianzia Lukaya, nimesimama nanunua gonja, zile ndizi za kuchoma, na kuku wa kijiti. Moyo ukaruka. Unajua lori linavyomisi likipanda mlima? Tu-tu, kimya, halafu TU moja kubwa inayogonga hadi kooni. Nikangoja ipite, ikapita, ikarudi. Usiku nikilalia ubavu wa kushoto ndiyo fujo kabisa. Kwenye zahanati moja ya njiani walinishika tumbo, wakasema ni vidonda, niendelee na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Nilikuwa naimeza tayari, mwaka wa tatu huo, kama peremende.

Mwishowe nilikwenda hospitali ya Mulago, Kampala, kwenye ile Taasisi ya Moyo. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ya dakika chache haikuonyesha jambo la maana, kwa hiyo wakanifunga kifaa cha kuandika mapigo saa 24, wanakiita Holter. Nilipanda nacho teksi hadi kwa shemeji Kawempe, abiria wakinitazama kama nimebeba redio ya polisi. Majibu yalipotoka: mapigo ya ziada, mengi, yanatoka vyumba vya chini vya moyo. Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikaonyesha misuli mizima na vali nzima, yaani vile vilango vya moyo. Damu sasa ndiyo iliyosema. Potasiamu chini, magnesiamu chini.

Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu wa pili, akaniuliza nameza nini. Nikataja tembe za presha, zile za kukojoza. Nikataja omeprazoli. Waragi ya Jumamosi sikuitaja, akaniuliza mwenyewe. Tembe za kukojoza hutoa hayo madini pamoja na mkojo. Omeprazoli ikitumika muda mrefu huzuia utumbo kuinyonya magnesiamu. Pombe nayo huifukuza kupitia figo. Hamisi, nilikuwa nimetoboa tangi sehemu tatu, halafu nashangaa mafuta hayakai.

Alinieleza jambo moja ambalo ningependa na wewe ulielewe. Kila moyo ukipiga, potasiamu hutoka kwenye chembe zake, na kuna pampu ndogo za kuirudisha ndani. Pampu hizo haziendi bila magnesiamu. Ndiyo maana mtu aliyepungukiwa magnesiamu hata umpe potasiamu kiasi gani, inavuja tu. Na kipimo cha damu chenyewe kinaona kidogo sana: mwilini tuna gramu kama 25 za magnesiamu, nyingi ziko kwenye mifupa na misuli, na kilicho ndani ya damu hakifiki hata asilimia 1. Damu ikionyesha imepungua, jua ghala liko hali mbaya.

Basi akanibadilishia dawa ya presha, akanikatiza omeprazoli, akaniandikia magnesiamu sitreti. Kwenye duka la dawa wakasema sitreti hakuna, chukua oksaidi, ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Oksaidi mwili huinyonya kidogo, inayobaki inashuka na maji tumboni. Nilimeza mbili asubuhi Iganga. Kabla ya Jinja nilikuwa nimeingia kwenye mashamba ya miwa mara nne, na tanboi wangu, msaidizi wa lori, wa wakati huo, yule mwenye mdomo, aliwasimulia madereva wote hadi Katuna. Hivyo ukiona nakuambia ile chupa usiifungue, sababu mojawapo ni hiyo, ingawa ndiyo ndogo.

Sitreti niliipata Kampala, nikainywa miezi minne, damu ikapimwa tena, daktari akaniambia inatosha. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba mimi sinywi magnesiamu yoyote. Nimeacha tangu mwaka jana.

Ninachofanya ni kula, na hapo sifa zote ni za mama Zaitun. Mwanamume anahitaji miligramu kama 400 kwa siku, na mimi miaka yote nilikuwa nakula posho, ugali wa mahindi, namba wani, nyeupe pee, ambayo mashine imeshaikoboa ganda na kiini, na madini mengi yameondoka humo. Sasa nyumbani ni kalo, yaani ugali wa wimbi, maharage, na dodo, yaani mchicha, iliyopikwa na karanga za kusaga. Mbegu za maboga tulizokuwa tunawatupia kuku, anazikausha juani, anazikaanga kwenye sigiri bila mafuta, natembea nazo mfukoni. Konzi moja ya mbegu hizo zilizomenywa ina zaidi ya miligramu 150. Kuku wamekasirika. Ovakado nakula, ndizi nakula, simsim, yaani ufuta, ikipatikana nayo siiachi. Jirani aliniletea na katunkuma, vile vitunda vidogo, akisema zinashusha kila kitu. Nilikula kwa heshima, ni chungu, sikuona tofauti.

Vilivyoondoka ni waragi na vile vinywaji vya kopo vya kutia nguvu nilivyokuwa nakunywa viwili kila usiku ili nisisinzie. Kahawa hakunikataza. Nilijaribu kuiacha wiki mbili mwenyewe, mapigo hayakujali, nikairudia kikombe kimoja cha asubuhi. Siwezi kukuambia ni lipi hasa lililosaidia, maana nilibadilisha yote kwa pamoja na nikaacha safari za usiku vilevile. Mapigo ya ziada bado yanakuja, hasa nisipolala vizuri. Holter ya pili ilionyesha yamepungua sana, na mengine nimezoea, yakija nayasalimu.

Sasa tuje kwako, na hapa naomba usome polepole.

Unakumbuka usiku ule Naluwerere, tairi mbili zimepasuka, tumelala chini ya tela? Ulinisimulia kwamba ukiwa mtoto magoti yalikuwa yanavimba, leo hili kesho lile, na kuna sista wa misheni alikuwa anakudunga sindano ya penisilini kila mwezi, mpaka mzee wako akachoka na nauli. Mimi nilicheka, nikasema ndiyo maana unaogopa sindano. Kule Mulago kwenye benchi nilikaa na mama mmoja na binti yake wa miaka kama kumi na mitano. Mama akaniambia ilianza koo, yakafuata magoti, ukafuata moyo. Nilikukumbuka pale pale, Hamisi. Nikanyamaza, nikajisemea wewe una nguvu, unabeba tairi peke yako. Nisamehe kwa hilo.

Ile homa ya utotoni inaitwa homa ya baridi yabisi. Inaanza na koo lisilotibiwa, na inaweza kukwaruza vali za moyo taratibu, miaka mingi, mtu anafanya kazi zake tu. Sisi kwenye injini tunasema valvu, na wewe unajua valvu ikikakamaa hata uweke dizeli safi vipi haisaidii. Vali ikisinyaa, chumba cha juu kinatanuka, kinaanza kutetema ovyo badala ya kupiga. Damu iliyozubaa humo inaganda, na bonge likikimbilia kichwani ni kiharusi. Unaniandikia kwamba moyo wako unakwenda kama kuku ndani ya gunia usiku kucha, kwamba kupanda kwenye kebini unahema, kwamba unalalia mito miwili. Mimi sikuwahi kuhema. Wangu ulikuwa unaruka pigo na kurudi kwenye mstari.

Siwezi kusema una nini, mimi si daktari. Ila magnesiamu haifungui vali wala haizuii damu kuganda. Na kama figo zako zina shida bila wewe kujua, tembe hizo zitajikusanya mwilini na kuufanya moyo uende pole kuliko inavyotakiwa. Hata chakula changu usikiige bado: wakikupa wafarini ya kuzuia damu isigande, dodo na nakati, mboga nyingine ya majani, zina vitamini K inayopingana nayo, ukizifakamia ghafla dawa inakosa nguvu. Hawatakukataza mboga, watataka ule kiasi kilekile kila wiki na waambiwe.

Anzia hospitali ya rufaa ya Mbarara, ni karibu na wewe. Omba ECG na eko ya moyo, wapime na figo, potasiamu, tezi ya shingo pia. Maneno ya kwanza ukikaa mbele ya daktari yawe yale ya magoti na sindano za sista. Usianze na chupa. Ukizimia, au mdomo ukipinda, au mkono ukifa ganzi, usingoje siku ya kliniki. Mwamshe mama watoto mwende saa hiyo hiyo.

Bosi wako mwambie ni mimi niliyekukataza kupeleka mzigo Kigali wiki hii. Ananijua, atanitukana mimi. Nimekutumia elfu hamsini kwenye simu ya mama watoto, kwa sababu ikiingia kwenye simu yako najua inakwenda wapi.

Nitapiga leo baada ya isha. Uwe umekaa, umetulia, saa iko mbele yako. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba, pale mkononi, uhesabu dakika nzima. Idadi utanitajia, lakini ninachotaka kusikia hasa ni kama yana mpangilio, hata wa kurukaruka, au hayana kabisa.

Kaka yako,
Ramadhani