Shukrani kwa mama wa meza ya dirishani

Sikukuuliza jina, mama, na hilo linanisumbua hadi leo. Ni wewe uliyekaa meza ya dirishani katika chumba cha kusomea cha Kupferstichkabinett, jumba la makumbusho la michoro na chapa huko Berlin, siku niliyoletewa chapa ya sura ya mwanateolojia Philipp Melanchthon, aliyoichonga msanii Mjerumani Albrecht Dürer kwenye shaba mwaka 1526.

Niliitazama kama picha tu. Ukanisogelea, ukanipa lenzi yako, ukanionyesha mfinyo unaouzunguka mchoro: hapo bamba la shaba liliikandamiza karatasi yenye unyevu. Ukanieleza kwamba kila herufi ilichongwa kinyume ili isomeke sawa ikishapigwa chapa. Nikairudia ile sura, nywele kwa nywele, nikastaajabu! Kijerumani changu kilikuwa kichanga bado, nawe ulirudia kila neno polepole bila kuchoka. Hata maandishi ya Kilatini ya chini ulinitafsiria: Dürer aliweza kuchora uso wa Philipp aliye hai, lakini mkono wake stadi haukuweza kuichora akili yake.

Sasa kila ninaposhika chapa ya kale, kwanza naitafutia ule mfinyo. Asante sana, mama.