Pre-form one tunawakaririsha tu watoto

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme kuhusu hizi pre-form one, yaani tuisheni ya kumwandaa mtoto kuingia form one, maana hata mi mwenyewe nafundisha, huu mwaka wa nne sasa hapa Mbagala. Watoto wakishamaliza mtihani wa darasa la saba Septemba wanakaa nyumbani mpaka Januari, wengine wanatembeza karanga na maji, wengine wanashinda kwenye vibanda vya video, ndo nikaomba chumba cha madrasa asubuhi kwa kuwa wenyewe wanaingia baada ya adhuhuri, nikapaka plaiwudi rangi nyeusi ikawa ubao, jero (mia tano) kwa siku na asiyenayo anakaa hivyohivyo.

Kila mwaka siku ya kwanza nafanya kamchezo. Naandika ubaoni Find the area of the rectangle, nachora na vipimo vyake, sentimita 6 kwa 4. Kimya. Watoto 30 na kitu wananiangalia kama nimewatukana. Nafuta yale maandishi, mchoro siugusi, naandika Tafuta eneo la mstatili. Mikono juu darasa zima, wengine wanasimama kabisa, 24 mwalimu, 24! Sasa hapo shida ni hesabu?

Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu Januari anaamka kila kitu kimegeuka, sayansi yake imekatwa vipande vitatu na vyote vya kiingereza (wa English medium siwazungumzii, wana mambo yao). Mtaala mpya umeanza 2024 lakini sekondari lugha ni ileile, na kwa kuwa shule ya msingi kwa mtaala huo inaishia la sita, 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, hebu piga picha hivyo vyumba vya tuisheni vitakavyofurika.

Ila wazazi ukiwaambia habari ya lugha hawakuelewi. Mwaka jana mama mmoja alimtoa kijana wake kwangu akampeleka kituo kingine huko barabarani, kisa wenzake wameshafika topiki ya tatu ya fizikia na sisi bado tuko kwenye this is na these are. Sikubishana naye. Baada ya wiki tatu yule dogo kapita kunisalimia, daftari mkononi, noti safi, vema nyekundu kila ukurasa. Nikamuuliza density ni nini, akaishusha kama kasuku, density is mass per unit volume. Haya, na hiyo volume ni nini baba? Akafikiria kidogo, akasema si ile ya kwenye redio mwalimu, ya kuongezea sauti.

Nilitaka kucheka nikashindwa.

Walimu wenzangu msinichukie, lakini hizo topiki tunazokimbizana nazo atafundishwa tena zote kuanzia ya kwanza, hakuna mwalimu wa sekondari atakayeanzia ya nne eti kwa sababu dogo alipita kwako likizo. Hela ya mzazi imeenda na mtoto kaingia form one hajui hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa hicho kiingereza.

Sisi tunasoma mpira. Nilikuwa naokota vipande vya magazeti ya kiingereza kwa mama muuza chapati, anafungia humo, natafuta habari za Simba na Yanga, matokeo watoto wanayajua tayari kwa hiyo neno kama defeated au goalless wanalibahatisha wenyewe na wanapata, hapo watabishana kwa kiingereza kibovu mpaka raha, labda mvua za vuli zigonge bati ndo tunanyamaza wote. Sasa yule mama kahamia mifuko ya khaki.

Kwa hiyo mhariri, kama huko ofisini kwenu kuna magazeti ya kiingereza mnataka kuyatupa, hata ya mwaka juzi, hata kurasa za michezo peke yake, naomba msiyatupe. Nitapanda daladala nije kuyabeba mwenyewe.

Mwalimu wa mtaani,
Mbagala, Dar es Salaam