Mahafali waachieni wanafunzi wapange wenyewe

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako, mimi ni mzazi huku Kihonda, Morogoro.

Mwaka juzi mwanangu wa kwanza alimaliza kidato cha nne, tukachangishwa elfu ishirini na tano kila mzazi na hakuna aliyetuonyesha bajeti. Siku yenyewe mgeni rasmi wa saa nne kafika saa nane kasoro, watoto wako juani na majoho ya kukodi, binti mmoja akaanguka. Meza kuu kuku na soda, wahitimu wenyewe wamekula wali wa baridi saa kumi na moja jioni. Iliniuma sana.

Mwaka huu ikawa zamu ya mdogo wake, shule nyingine, na mkuu wa shule hii akaiachia serikali ya wanafunzi ipange kila kitu, mwalimu mlezi kazi yake kutunza hela na kushauri akiulizwa. Dada mkuu alipita mpaka kwangu na kaunta buku lake, nikaona kaandika kukodi viti 300, halafu kakata kwa biki na pembeni kaandika "tuombe msikitini na kanisani, kubeba tutabeba sisi". Na kweli walivibeba kwa mkokoteni asubuhi na mapema. Keki wakaifuta, ile hela ikawalipia wenzao wanne ambao kwao mchango ulishindikana, na majina hayakutajwa popote. Mgeni rasmi wakamtaka nesi aliyesoma hapo hapo, saa tatu na nusu keshakaa. Risala wakaiandika wenyewe wakasema wazi vyoo vya wasichana havina maji, siyo ile ya kuandikiwa na mwalimu ambayo ni shukrani mwanzo mwisho.

Nyama iliisha kabla wazazi wa nyuma hawajafikiwa. Kijana wa kamati ya chakula akachukua maiki akatuomba radhi, akasema tulipiga hesabu ya wazazi wawili kwa kila mhitimu na nyie mmekuja wanne wanne. Sijawahi kusikia mtu mzima akisema hivyo kwenye shughuli ya shule jamani.

Najua kuna walimu watasema watoto watakula hela, au watapoteza muda na mtihani wa taifa ni Novemba. Hela haikuwa mikononi mwao, walichokuwa nacho ni maamuzi, na waliokimbizana na shughuli wengi ni kidato cha tatu kwa sababu ndio wenye uongozi sasa hivi. Halafu sisi watu wa Moro tusijifanye hatujui vijana wanaweza nini, maandamano ya Soweto kule Afrika Kusini ya Juni 1976, ya kupinga ubaguzi wa rangi, yalipangwa na wanafunzi, Tsietsi Mashinini aliyekuwa mstari wa mbele alikuwa na miaka 19 tu, na wenzao waliokimbia wengi walikuja kusoma hapa hapa Mazimbu, kwenye shule ya chama chao cha ukombozi, ANC. Kila tarehe 16 Juni tunawaadhimisha, ila wa kwetu kupanga viti na chakula hatuwaamini.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na bodi zao, wale wa kidato cha sita nao wana mahafali yao, wapeni bajeti mapema waipange wao, tena ibandikwe ukutani kila mzazi aisome.

Lile kaunta buku limebaki kwa viranja kwa ajili ya mwakani, mwanangu ananiambia ukurasa wa kwanza wameandika kwa herufi kubwa: WAZAZI HESABUNI WANNE.

Mzazi, Kihonda, Morogoro