Malalamiko: darubini imewekwa chini ya mwezi na pweza kakatwa katikati

Kwa wahariri wa jarida na timu ya podikasti,

Habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu mwaka wa sita huu, jarida nalipia mwaka mzima kwa mkupuo na podikasti naisikiliza kila nikiosha vyombo, kwahiyo msidhani ni mpita njia tu kaamka vibaya.

Nianze na lililoniuma. Toleo la mwezi huu, makala ya darubini ya James Webb, mmeandika ipo kilomita 150,000 kutoka duniani. Jamani! Mwezi wenyewe upo kama kilomita 384,000, sasa kwa hesabu yenu darubini iliyorushwa Desemba 2021 ikasafiri karibu siku 30 imeishia njiani hata mwezi haijaufikia. Ni milioni 1.5. Najua ni sifuri moja tu imedondoka, ila hiyo sifuri ndo stori yenyewe, maana kwa umbali ule ikiharibika hakuna wa kumtuma akaitengeneze kama wanaanga walivyoenda kuirekebisha darubini nyingine ya angani, Hubble, mwaka 1993, ambayo yenyewe inazunguka kilomita 500 na kitu tu juu yetu. Mwanangu alikariri hiyo 150,000 yenu akaenda kuisema darasani, mwalimu akamrekebisha mbele za watu. Karudi kalishika jarida, kidole kiko kwenye ule mstari, ananiuliza "mbona wameandika hivi?" Nikakosa la kumjibu.

Haya, podikasti. Kipindi cha pweza kilikuwa kitamu kweli, mtangazaji anaeleza taratibu kwamba ana mioyo mitatu, miwili inasukuma damu kwenye matamvua na mmoja unasambaza mwilini, damu yenyewe ya bluu kwasababu inabeba oksijeni kwa madini ya shaba sio chuma kama yetu, mi nimesimama na sufuria mkononi nasikiliza, akasema "sasa pweza akianza kuogelea, ule moyo wa tatu..." paap, tangazo la godoro! Mikono imejaa povu siwezi hata kugusa simu. Godoro likaisha, kipindi kinarudi na "ndo maana anapenda kutambaa." Ndo maana ya nini?? Sentensi yenyewe mmeimeza. Ikabidi nikatafute mwenyewe usiku, kumbe akiogelea ule moyo unasimama, ndo maana anachoka haraka. Yaani utamu wote wa kipindi ulikuwa pale pale mlipoweka godoro. Matangazo sina shida nayo, najua yanalipa mishahara, ila anayeyapachika awe anasikiliza kwanza.

Na ile ya shimo jeusi la galaksi ya M87, lile ambalo picha yake ilitoka Aprili 2019, kusema nuru yake "imesafiri kwa muda wa miaka ya nuru milioni 55" hapana. Mwaka wa nuru ni umbali, kama kilomita trilioni 9.5. Hilo siliongezei neno.

Nimewaandikia mara tatu, mara zote najibiwa na roboti "maoni yako ni muhimu kwetu", mara ya mwisho likaniomba niwape nyota. Zamani mlikuwa na kile kiboksi cha masahihisho ukurasa wa 4, mi nilikuwa naanza nacho kabla ya yote, kuna siku mlikiri mmemuita buibui mdudu mwenye miguu sita nikacheka sana na siku ile ndo niliwaamini zaidi. Mmekitoa kimya kimya, wakati makosa yenyewe hayajatoka.

Ninachotaka: kiboksi kirudi, sifuri ya Webb isahihishwe toleo lijalo kwa maandishi yanayoonekana ili mwanangu apeleke shule, na kipindi cha pweza mkipandishe upya kikiwa kizima. Subskripsheni yangu inaisha mwezi ujao na bado sijalipia, nasubiri. Jibu liandikwe na mtu tafadhali.

Msomaji wenu

NB: aliyeandika ile makala ya dubu maji, wale viumbe wadogo wa kuonekana kwa hadubini, toleo lililopita mpeni pongezi zangu, nimeisoma mara mbili.